Umenunua Gari? Fungua Sanduku Lake Kwanza



Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo zamani lilikuwa la mabwana wachache tu, lakini sasa limeingia hata vijijini mwetu. Nalo ni hili: mtu kununua gari lake la kwanza. Wazee wetu wanakumbuka siku ambazo katika tarafa nzima ungeona motokaa ya misheni na lori la mwenye duka, basi. Siku hizi mkulima wa Babati akiisha kuuza mbaazi zake na mahindi yake, akaongeza na bei ya ng'ombe wawili watatu, huenda akarudi nyumbani na gari lililotumika Japani, na watoto wote wa kijiji wanalikimbilia kwa shangwe.

Si vibaya. Wala simwonei mtu kijicho. Gari laweza kumfikisha mgonjwa hospitali, kupeleka mazao mnadani, na kuwachukua bibi na babu kwenda Misa siku ya mvua. Baba Paroko akialikwa kulibariki, huja kwa furaha, naye hulinyunyizia maji ya baraka. Wengine hutundika na medali ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, ambaye sikukuu yake ni tarehe 25 Julai. Haya yote ni mema. Lakini, ndugu yangu, maji ya baraka hayajazi upepo tairi. Mungu ametupa akili ili tuitumie, na mtu anayetoka na gari bila vifaa vyake, kisha akasema Mungu atasaidia, huyo anamjaribu Mungu.

Mji wetu wa Babati ni mji wa njia panda. Njia moja yaenda kaskazini kupitia Magugu na Minjingu hata Arusha. Nyingine yaenda magharibi, upande wa Dareda na Katesh, hata Singida. Nyingine yapanda Bonga kwenda Kondoa na Dodoma, nayo ni sehemu ya ile barabara kuu ya Afrika itokayo Cape Town mpaka Cairo. Sehemu ya Dodoma mpaka Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018 ikiwa ya lami. Kwa ajili ya barabara hiyo, twaona mara kwa mara wageni wakipita mjini na magari yao ya ajabu, ambayo ndani yana vitanda, jiko na tangi la maji. Gari lenyewe ndiyo nyumba yao. Hulala humo, hupika humo, na asubuhi huenda zao.

Vijana wetu wakiyaona magari hayo husifu ukubwa wake na rangi yake. Mimi nawaambia: msitazame rangi, tazameni vilivyofungwa ubavuni na juu ya paa. Utaona tairi la spea, pengine mawili. Utaona sepetu, madumu ya maji, kamba nene, na zile mbao ndefu za kutoa gurudumu mchangani au matopeni. Watu hawa wameshika desturi ya wale waliowatangulia. Mwaka 1924 Meja Chaplin Court Treatt na mkewe Stella waliondoka Cape Town na wenzao, wakiwa na magari mawili ya Crossley, nao wakafika Cairo Januari 1926. Miezi 16 njiani! Siku zile palikuwa na mahali pengi pasipo na barabara hata kidogo, na kamba ilikuwa kitu cha kuokoa safari nzima.

Labda utasema, "Hao ni wasafiri wa mbali, mimi natoka kijijini naenda Babati mjini, kilomita 30 tu. Gari langu si la kulala." Ndugu, nakujibu hivi: gari lolote likikwama usiku, ni nyumba yako mpaka asubuhi. Hapo ndipo utakapojua kama nyumba hiyo ina kitu au haina. Nasema hivi kwa sababu yalinipata.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alinunua gari baada ya mavuno mazuri ya mbaazi. Lilikuwa gari la watu wanane, safi, la kijivu. Juma lile lile alilipeleka kwa fundi, akatiwa redio kubwa yenye spika nne, hata ng'ombe waliokuwa wakinywa maji bondeni wakainua vichwa. Akanunua vifuniko vya viti, na vifuniko vya magurudumu vinavyong'aa. Kwenye kioo cha nyuma akaandikisha maneno ya kumshukuru Mungu. Sisi ndugu zake tukasifu sana. Hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mlango wa nyuma na kuuliza, "Shemeji, jeki iko wapi?"

Usiku mmoja wa mwezi wa nne mtoto wa jirani yetu alishikwa na homa kali, akaanza kutetemeka mwili mzima. Tulimtia garini yeye na mama yake, nami nikapanda pamoja na vijana wengine kwa ajili ya kusukuma, maana mvua ilikuwa imenyesha. Tulipofika kwenye mteremko, si mbali na mti mmoja wa mkuyu, tairi la nyuma likapasuka. Shemeji akashuka, akafungua nyuma. Jeki ilikuwapo, lakini mkono wa kuizungushia haukuwapo. Tairi la spea lilikuwapo chini ya gari, lakini lilipoteremshwa lilikuwa laini kama mkate, halina upepo. Tochi hapana. Tukamulika kwa simu, na simu zenyewe zikaanza kuisha moto.

Kijana mmoja akaenda mbio vijijini kutafuta pampu ya baiskeli. Sisi tukakata mti, tukautia chini ya gari, wanaume tukainua kwa mabega, tukaegemeza kwa mawe. Kwa kuwa palikuwa na mteremko, nilitafuta jiwe kubwa nikaliweka kwenye gurudumu la mbele ili gari lisiteleze. Jiwe lile niliweka mimi kwa mikono yangu. Tulihangaika zaidi ya saa tatu, na mama yule amekaa kando ya njia na mtoto kifuani, hasemi neno. Tulipomaliza tulipanda kwa haraka, tukaondoka. Kwa rehema ya Mungu mtoto alipata dawa kabla ya mapambazuko, akapona.

Lakini jiwe lilibaki barabarani.

Jumapili kanisani Katekista akasoma majina ya wagonjwa wa kuombewa. Mmoja alikuwa kijana wa kijiji cha pili, apelekaye maziwa mjini kwa pikipiki. Ati aligonga jiwe alfajiri, kwenye mteremko wa mkuyu, akavunjika mguu na maziwa yote yakamwagika. Shemeji akanitazama, nami nikamtazama. Sikusikia tena neno lolote la Misa ile.

Baada ya Misa tulikwenda kwake, tukamweleza yote bila kuficha. Nilijua atatutukana, na haki ilikuwa yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Yule mtoto alipona?" Tukamwambia ndiyo. Akasema, "Basi, ashukuriwe Mungu." Neno lile liliniumiza kuliko matusi. Shemeji aliuza ile redio, akasaidia gharama za matibabu, na sisi wengine tukamlimia shamba lake msimu ule. Mguu ulipona, lakini mpaka leo anachechemea siku za baridi.

Ndugu wasomaji, siwasimulii haya ili mnihurumie. Nataka tujue jambo moja: vifaa vya gari si vya mwenye gari peke yake. Ukikosa jeki, anayeumia huenda akawa mgonjwa uliyembeba, au mtu mwingine kabisa, ambaye hata hukumwona. Kwa hiyo, kabla ya redio, kabla ya vifuniko vya viti, nunua vitu hivi.

La kwanza, vifaa vya kubadili tairi. Jeki iwe nzima na iweze kubeba uzito wa gari lako. Mkono wake uwepo. Spana ya nati za magurudumu iwe inaingia sawasawa katika nati zako. Ijaribu ukiwa nyumbani. Tairi la spea lipimwe upepo kila mwezi, si siku ya kuhitajiwa. Kipimo kinachotakiwa huandikwa kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa penye mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kwa kPa, na 240 ni karibu sawa na 35 ya geji nyingi za mafundi wetu. Uwe na pampu, na geji yako mwenyewe.

Tena, tazama umri wa tairi. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne ndani ya duara refu. Mbili za mwanzo ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Likiandikwa 2319, maana yake lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la spea la gari lililotumika huweza kuwa ni lile lile lililotoka nalo kiwandani. Kwa macho laonekana jipya, kumbe mpira umekwisha kukauka. Likiwa na zaidi ya miaka 10, usilitegemee. Na kama spea yako ni lile tairi jembamba la muda, ujue kwamba si la kwenda nalo mbio. Kwa kawaida huandikwa usizidi kilomita 80 kwa saa. Ni la kukufikisha kwa fundi tu.

La pili, kabari mbili. Hizi ndizo zitakazoondoa yale mawe. Mwambie fundi seremala akukatie vipande viwili vya mti mgumu, vyenye umbo la kabari, virefu kama kiganja na nusu. Toboa tundu kila kimoja, uvifunge pamoja kwa kamba ndefu, na mwisho wa kamba upake rangi nyekundu au ufunge kitambaa. Kwa nini kamba? Kwa sababu kamba utaiona, nawe hutasahau kabari barabarani. Hazikugharimu sana, na fundi wa kijijini atapata riziki. Shemeji yangu sasa anazo, nami ndimi niliyezilipia.

La tatu, pembetatu mbili za kuakisi mwanga. Askari wa usalama barabarani huziuliza, na wengine huzinunua kwa ajili ya askari tu, zikakaa katika mfuko wake bila kufunguliwa. Hasha! Zina kazi. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde moja. Dereva akishtuka, akafikiri, akakanyaga breki, amekwisha kwenda mita nyingi kabla ya kusimama. Tena kama ni lori lenye mzigo, au kama njia ina maji, huenda mbali zaidi. Kwa hiyo usiweke pembetatu hatua tano nyuma ya gari. Tembea hatua 100 ukaiweke huko. Nyingine weka mbele. Kama umekwama baada ya kona, pembetatu iwekwe kabla ya kona, ili anayekuja aione kwanza.

Desturi yetu ni kukata matawi ya miti na kuyatandaza barabarani. Kama huna kitu kingine, matawi ni afadhali kuliko kukosa yote. Lakini usiku hayang'ai, na ukiondoka sharti uyaondoe yote. Mawe usiweke kamwe.

La nne, mwanga. Tochi nzuri, na betri zake za akiba, au tochi ya kuchajiwa ambayo huchajiwa kila juma. Simu si tochi. Simu utaihitaji kuita watu: namba 112 ni ya polisi, na 114 ni ya zimamoto. Ukiimalizia moto kwa kumulika nati, utamwita nani? Ongeza na fulana moja ya kuakisi mwanga, ile ya njano au ya rangi ya machungwa, avae yule anayeshughulika na gurudumu upande wa barabara.

La tano, kizima moto. Kiwe kimefungwa mahali dereva anapoweza kukifikia upesi, si chini ya magunia. Kitazame kila mwezi: mshale uwe kwenye rangi ya kijani. Moto ukitokea, kwanza watu wote washuke na waende mbali. Ndipo uchomoe pini, uelekeze mdomo wake kwenye shina la moto, si kwenye ndimi za juu. Kama moto uko ndani ya boneti, usiifungue wazi kabisa, maana hewa ikiingia moto utazidi. Na ukiona moto umekushinda, uache. Gari hununuliwa tena.

La sita, sanduku la huduma ya kwanza. Litie bandeji, pamba, vitambaa safi, glavu, mkasi, na dawa ya kusafishia jeraha. Mtu akitoka damu nyingi, bonyeza kitambaa safi juu ya jeraha kwa nguvu, usiachie kila mara kutazama. Mtu aliyevunjika mguu asikalishwe kwenye pikipiki kati ya watu wawili, kama tulivyozoea. Mguu ufungwe kwanza na kipande cha mti ili usicheze, kisha alazwe garini.

La saba, vifaa vya matope. Wengi wetu tunakaa mbali na lami, na kuanzia Machi hata Mei udongo mweusi wa mbugani hushika gurudumu kama gundi. Chukua sepetu, panga, kamba imara ya kuvutia gari, na vipande viwili vya mbao nene urefu wa mkono. Gurudumu likizunguka bila kwenda, usiendelee kukanyaga mafuta, maana unajichimbia kaburi. Shuka, chimba mbele ya gurudumu, tia mbao, kisha uondoke polepole. Na gari likivutwa kwa kamba, watu wote wakae mbali na kamba hiyo. Kamba ikikatika hurudi kwa nguvu nyingi, nayo humpata yule aliyesimama karibu kushangilia.

La nane, maji na blanketi. Dumu moja la maji safi, kwa ajili ya watu na kwa ajili ya rejeta. Lakini rejeta ikichemka usifungue kifuniko chake mara hiyo. Maji ya moto yataruka usoni. Zima gari, ngojea mpaka ipoe kabisa. Blanketi mbili, kwa sababu usiku wa mwezi wa sita na wa saba huku juu, hasa upande wa Bashanet, baridi yake mnaijua. Mama mwenye mtoto mchanga hawezi kungojea fundi mpaka asubuhi akiwa na kanga moja. Na karanga kidogo au mkate pia, kwa ajili ya watoto. Petroli ya akiba usiichukue katika dumu ndani ya gari pamoja na watu. Ni hatari kubwa. Afadhali ujaze tangi kabla ya kuondoka.

Hayo ndiyo manane. Yote pamoja yaingia katika sanduku moja la mbao na pembe moja ya gari. Nasi kwetu, bei yake haikufikia bei ya ile redio na spika zake.

Lakini kununua si mwisho. Mwenye jeki asiyejua kuitumia ni sawa na asiye nayo. Kwa hiyo Jumamosi moja, uwanjani kwako, liweke gari mahali patambarare, uwaite mama watoto, vijana na binti zako, mbadili tairi pamoja. Utaratibu wake ni huu. Watu wote washuke, wakae mbali na barabara. Vuta breki ya mkono, tia kabari kwenye gurudumu la upande mwingine. Legeza nati kidogo wakati gurudumu bado limegusa chini, ndipo uinue kwa jeki. Jeki isimame juu ya udongo mgumu. Penye ulaini, tia ubao chini yake. Usiingize kichwa wala mkono chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Ukiisha kuvua tairi bovu, lilaze chini ya ubavu wa gari, ili jeki ikiteleza gari lisianguke chini kabisa. Ukifunga nati, kaza kwa kupishana, moja huku na nyingine upande wa pili, si kwa kuzunguka. Baada ya kwenda kilomita kama 50, simama ukaze tena.

Binti wa shemeji yangu, wa darasa la saba, sasa huibadili tairi kuliko baba yake. Watu wengine walicheka mwanzoni, wakasema ati si kazi ya msichana. Wakiona tairi limepasuka na baba hayupo, hawatacheka.

Nami nawashauri kina mama: muwe wakaguzi. Katika nyumba zetu mama ndiye ajuaye chumvi imebaki kiasi gani na mafuta ya taa yamepungua lini. Basi afungue na sanduku la gari kila Jumamosi. Vitu vya humo vina tabia ya kutoweka: tochi imeingia chumbani kwa kijana, panga limekwenda shambani, kamba inafunga ndama, maji ya dumu yamepikiwa chai. Kiandikeni kila kitu katika kikaratasi, mkibandike ndani ya kifuniko cha sanduku. Kilichotumika kirudishwe siku ile ile.

Nanyi msio na gari, msidhani maneno haya hayawahusu. Mara ngapi twachanga fedha, jumuiya nzima, kukodi gari kwenda mazishini au harusini? Yule anayekwenda kupatana bei asiulize bei tu. Amwombe dereva kwa adabu amwonyeshe tairi la spea, jeki na mikanda ya viti. Dereva mwema hatakasirika. Akikasirika, tafuteni mwingine. Roho za watu 15 ni za thamani kuliko kuokoa shilingi chache. Na ninyi vijana wa pikipiki, kofia ngumu ivaliwe kichwani, si mkononi kama kikapu.

Mwisho, tukumbuke mifano miwili ya Bwana wetu. Wanawali kumi walitoka na taa kumlaki bwana arusi. Wote walikuwa na taa, wote walisinzia. Kilichowatofautisha ni akiba ya mafuta tu. Mwenye gari zuri asiye na spea yenye upepo ana taa bila mafuta.

Mfano wa pili ni wa yule Msamaria. Twasifu huruma yake, na ni haki. Lakini je, tumewahi kufikiri kwamba alikuwa na mafuta na divai safarini, akaweza kuyasafisha majeraha na kuyafunga, tena alikuwa na mnyama wa kumpandisha yule mtu? Angekuwa na moyo mwema lakini mikono mitupu, angelia pale kando ya njia pamoja na majeruhi. Sisi usiku ule tulikuwa na moyo mwema. Tuliamka usingizini kumsaidia mtoto wa jirani. Lakini hatukuwa na kitu mikononi, tukamponya mmoja na kumvunja mwingine.

Basi, ndugu mwenye gari jipya, leo baada ya chakula, toka nje na mwanao mmoja, ufungue mlango wa nyuma. Tazama jeki, na mkono wake. Bonyeza tairi la spea kwa kidole gumba. Ukikuta pungufu, usingojee mavuno yajayo. Na siku nyingine ukipita barabarani ukaona jiwe katikati ya njia, simama uliondoe, hata kama si wewe uliyeliweka. Mimi hufanya hivyo kila mara, na kila mara namkumbuka kijana yule wa maziwa.

Mungu awalinde njiani, na Mtakatifu Kristofa awaombee.